Akili Nyingi, Ubao Mmoja: Mwongozo kwa Mwalimu Mwenye Watoto 80

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mwalimu wa shule ya msingi wa huku kwetu Dodoma, awe Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Chemba, mwenye watoto 80 darasani, ubao mmoja na chaki anazozihesabu. Kama una watoto 25 na projekta, karibu pia, ila utaniwia radhi nikikaa sana kwenye vumbi.

Methali ya kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, tunaiandika ubaoni kila mwaka kwenye kipindi cha Kiswahili. Kengele ikilia tunawanyoa wote kipara kwa mtihani mmoja. Anayejua kusoma haraka na kuandika vizuri tunamwita kipanga. Aliyebaki ni mzito, na uzito huo utamfuata hadi darasa la saba.

Kwanza nieleze kwa ufupi lilikotoka wazo hili la kwamba akili ni za aina nyingi. Mwaka 1905, kule Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Nia ilikuwa kusaidia. Baadaye vipimo vya aina hiyo vikageuka namba ya kumtundika nayo mtu maisha yake yote. Mwaka 1983 Howard Gardner, wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akaleta hoja kwamba akili si kitu kimoja. Alitaja saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili na mikono, ya kuelewana na watu, na ya mtu kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira.

Niseme ukweli mapema: nadharia hii inapendwa zaidi na walimu kuliko wanasaikolojia. Tangu Charles Spearman alipoonyesha mwaka 1904 kwamba mtoto anayefanya vizuri somo moja mara nyingi hufanya vizuri na mengine, watafiti wengi wanaona kuna uwezo wa jumla unaogusa kila kitu, na hawajaridhika kwamba hizo nane zimetengana kweli. Tena, ule ushauri unaosikika kwenye semina, kwamba kila mtoto afundishwe kwa "mtindo wake" tu, haujapata ushahidi wa maana, na Gardner mwenyewe ameshakana kwamba nadharia yake ni hiyo. Kwa hiyo mimi siitumii kuwapima watoto. Naitumia kujipima mimi: mada hii nimeshaifundisha kwa njia ngapi, na njia gani sijaijaribu?

Hatua ya kwanza: anza na macho, masikio, tumbo na lugha

Kabla hujasema mtoto ana akili ya aina gani, hakikisha anakuona na anakusikia. Niliwahi kuwa na binti mkimya sana, nikajiridhisha kwamba ni mtu wa kujitafakari. Nilikuja kugundua kwamba sikio lake moja lilikuwa linatoa usaha na alikuwa anageuza shingo ili anisikie kwa lile zima. Kujitafakari ilikuwa hadithi yangu mimi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula fanya hivi. Simama nyuma ya mtoto, hatua tano, umwite kwa sauti ya chini. Mwonyeshe herufi ubaoni akiwa dawati la mwisho, afumbe jicho moja, kisha jingine. Macho mekundu yanayowasha usiyapuuze, maana trakoma imesumbua mkoa huu miaka mingi, hasa upande wa Kongwa. Hutatibu wewe, lakini utamwambia mzazi aende zahanati, na wakati huohuo mtoto atahamia mbele. Angalia pia ile miezi ambayo vihenge vimekwisha na mavuno mapya bado. Anayesinzia saa nne asubuhi huenda hajala tangu jana.

Suala la lugha linataka uvumilivu zaidi. Watoto wengi wa vijijini kwetu huingia darasa la kwanza na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Kuna bibi mmoja alinifuata kuulizia maendeleo ya mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza kwamba kijana hasemi, hata kujieleza hawezi. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Huyu ndiye anayetunyima usingizi kwa hadithi za fisi!" Kwa Kigogo, bila shaka. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu "lugha: dhaifu" kwa mtoto ambaye nyumbani ndiye mtambaji.

Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na ibaki hivyo. Lakini dakika mbili za kumnong'oneza mwenzake wa dawati kwa Kigogo, kisha asimame aseme kwa Kiswahili, hazijawahi kuniharibia kipindi.

Hatua ya pili: tazama nje ya darasa kwa wiki mbili

Tafuta daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila siku chagua watoto 8. Ukienda hivyo siku kumi za shule umewapitia wote 80. Usiwaambie. Watazame mapumziko, wakati wa usafi na wanapoondoka. Andika kitendo ulichokiona. Maoni yaache kwanza. "Ana kipaji cha uongozi" ni maneno matupu. "Ameamua ugomvi wa rede, wote wakakubali wakarudi kucheza" ni taarifa.

Utaona mambo. Kuna anayetengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuka na magurudumu ya kandambili, na hakuna aliyemchorea. Kuna mchezaji wa bao anayejua kabla hajagusa kete kwamba mkono wake utaishia shimo gani. Kuna binti anayechuma mlenda pori mvua zikianza, wenzake wanamletea majani awaambie lipi linaliwa na lipi siyo. Huyo anaainisha mimea kila jioni, halafu kwenye Sayansi anapata 30.

Mchunga mbuzi ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Nilimuuliza ana mbuzi wangapi, akasita. Nikamuuliza anajuaje mmoja akipotea. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa anamjuaje mama yake. Yule mweusi mwenye sikio lililokatika hayupo, basi hayupo. Hesabu ya nini? Ana picha ya kundi zima kichwani. Ukianza naye na namba utampoteza, lakini ukianza na kuwapanga mbuzi wake kwenye mazizi manne yaliyo sawa, amekwishaingia kwenye kugawanya bila kujua.

Usisahau muziki, maana huku ndiko nyumbani kwake. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mkoa huu huu na kufariki mwaka 2003, alizifikisha zeze na ilimba, ala za muziki za Wagogo, kwenye majukwaa ya Ulaya. Wagogo huimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, kila mmoja ameshika yake wala haangukii ya jirani. Mtoto anayeweza hilo ana uwezo wa kushika mpangilio na kuufuata, hata kama jedwali la 7 linampiga chenga.

Hatua ya tatu: ulichokiona kisigeuke jina la mtoto

Hapa niliharibu, na naomba usirudie. Miaka kadhaa nyuma nilitoka semina nikiwa na moto. Nikanunua karatasi za manila kwa hela yangu, nikagawa darasa makundi manane, nikayabandika ukutani kwa gundi ya uji: Kundi la Lugha, Kundi la Hesabu, Kundi la Ngoma, na kadhalika. Ilipendeza sana. Wageni waliipiga picha.

Mwezi haukuisha. Nilimwita kijana mmoja ubaoni afanye hesabu ya kugawanya. Akasimama, mikono nyuma, kwa adabu zote: "Mwalimu, mimi ni wa ngoma." Darasa halikucheka. Wote waliona amejibu sawasawa, na mimi ndiye niliyekosea kumuita. Jioni ile nilibandua manila zote.

Daftari lako la mfukoni libaki mfukoni. Hakuna makundi ya vipaji ukutani, wala "wewe ni mtu wa mikono" mbele ya wenzake, hata kwa kusifu. Ulichokiona kitumie kuchagua mlango wa kumwingizia somo, na kila mtoto apite milango yote. Anayependa ngoma ataandika. Anayependa kuandika atapiga ngoma, na mara nyingi huyo kipanga ndiye anayehangaika nayo, jambo ambalo lina faida zake.

Hatua ya nne: chagua mada moja inayowashinda, uifungulie milango mitatu

Usijaribu kila kipindi. Utachoka kabla ya Machi. Chukua mada moja kwa mwezi, ile ambayo kila mwaka inakurudisha ubaoni mara tatu. Akili zote nane huzihitaji, milango mitatu inatosha.

Kwangu ilikuwa Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili bila baki. Darasa la tano walikuwa wanakariri hatua za KDS bila kujua wanatafuta nini, na wakifika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kila kitu kinaanguka. Nikaifungua hivi.

Mlango wa kwanza, masikio na mwili. Darasa zima linahesabu kwa sauti moja kutoka 1 hadi 24, polepole. Upande wa kushoto unapiga makofi kwenye 3, 6, 9, 12 na kuendelea. Upande wa kulia unapiga mguu chini kwenye 4, 8, 12 na kuendelea. Chagua makofi na mguu, usichague makofi na makofi, maana sikio lazima litofautishe. Mahali pa kushika mwendo waweke mabinti waliozoea kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakiwa na dumu tupu la lita 20, kwa sababu watoto wakichangamka huharakisha na hesabu huvurugika. Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Mara ya tatu utasikia: kwenye 12 makofi na mguu vinaanguka pamoja, kishindo kimoja. Kisha 24. Usiseme kitu. Uliza tu, "Mmekutana wapi?"

Mlango wa pili, macho na nafasi. Toka nje, chora mstari ardhini kwa kijiti, uweke namba 0 hadi 24 kila hatua moja. Mtoto mmoja anaruka tatu tatu na kuweka kizibo cha soda kila anapotua, mwingine nne nne na kuweka kokoto. Penye kizibo na kokoto pamoja, ndipo walipokutana. Namba haziruki kwa miguu, zinarukwa kwa mahesabu, kwa hiyo usimlazimishe mtoto aruke hatua nne kwa mkupuo; atembee na kusimama tu.

Mlango wa tatu, hadithi. Wachungaji wawili wamekutana leo kwenye lambo. Mmoja hunywesha kila baada ya siku tatu, mwingine kila baada ya siku nne. Mmoja anamdai mwenzake. Atamkamata lini tena? Yule mchunga mbuzi wangu alijibu kabla sijamaliza swali, akaongeza kwamba mwenye deni mwenye akili atabadilisha lambo. Hilo halimo kwenye kitabu.

Sasa jihadhari na mtego. Ukiishia kwenye 3 na 4, watoto wataondoka na kanuni ya uongo kwamba KDS ni kuzidisha tu namba mbili. Siku hiyohiyo rudia kwa 4 na 6. Wanaojiamini watasema 24 kabla hamjaanza kuhesabu. Hesabuni. Kishindo kitalia kwenye 12, mapema kuliko walivyobashiri, na hapo ndipo utaona nyuso zinabadilika. Mimi nilipata swali ambalo sikuwahi kulipata kwa miaka yote ya kuandika ubaoni: "Mwalimu, kwa nini hizi zimewahi?" Kwa sababu 4 na 6 zote zina 2 ndani yake. Kipindi kizima kilichofuata kilitoka kwenye swali hilo moja.

Onyo jingine, la nyimbo. Kuimba si kuelewa. Wangu waliimba jedwali la 7 vizuri kabisa, lakini ukimuuliza mtoto 7 mara 6 lazima aanze wimbo tangu mwanzo. Tumia mdundo pale ambapo mdundo wenyewe ndio hesabu, kama kwenye KDS. Ukiutumia kama sukari ya kumezea dawa, watakumbuka sukari.

Hatua ya tano: ipange ndani ya dakika 40

Dakika 5, swali ubaoni, moja tu. Dakika 15, mlango wa siku hiyo. Dakika 15, daftari. Dakika 5, watoto wawili wanaeleza, mmoja uliyemchagua na mmoja aliyejitolea. Ukikosa muda, punguza mlango, usipunguze daftari.

Nje toka kipindi cha kwanza au cha pili, kabla jua halijapanda. Mwezi wa saba na wa nane upepo wetu unafuta mstari wa ardhini kabla hujafika 10, kwa hiyo chimba kidogo kwa jembe. Watoto 80 hawaendi nje pamoja. Nusu wanabaki na zoezi, chini ya yule muamuzi wa ugomvi wa rede uliyemwona hatua ya pili. Msimamizi wa darasa aliyechaguliwa kwa sababu ya maksi mara nyingi hana uwezo huo.

Kwenye andalio la somo yaandike yote haya katika sehemu ya shughuli za mwanafunzi, kwa maneno makavu: "wanafunzi watabaini vigawe vya shirika kwa kupiga makofi na mguu". Siku mwalimu mkuu atakapochungulia dirishani kuuliza kelele za nini, au mthibiti ubora wa shule atakapoingia bila kubisha, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza. Mtaala unaozingatia umahiri tunao tangu 2005, na maboresho yalianza kutumika Januari 2024. Huvunji utaratibu wowote.

Zana usinunue. Vizibo, kokoto, madumu, kamba ya katani, mbegu za mbuyu, karatasi za mitihani ya zamani za kukunja sehemu. Baada ya zile manila nimeacha kutumia mshahara wangu kupamba ukuta.

Hatua ya sita: rudisha kwenye karatasi, kisha uliza kwa namna nyingine

Mtihani wa Taifa hautaulizwa kwa ngoma. Mwalimu anayewachezesha watoto vizuri halafu hawafikishi kwenye kuandika amewaonea kuliko yule wa ubao mtupu. Kwa hiyo kila mlango uishie kwenye daftari: mara ya kwanza waandike namba walizopigia makofi kwenye mstari mmoja na za mguu chini yake, wazungushie za pamoja. Mara ya pili waandike bila kupiga. Mara ya tatu umpe swali la kitabu kama lilivyo.

Lakini majaribio yako ya wiki ni yako. Humo ongeza swali moja la namna nyingine: chora, eleza kwa mdomo, tunga swali la wachungaji lenye jibu 20, onyesha kwa vizibo. Mtoto akikosa la kitabu na kupata la vizibo, unajua kwamba wazo lipo na kinachokosekana ni maandishi. Akikosa yote mawili, rudi hatua ya nne. Ni taarifa mbili tofauti kabisa, ila kwenye ripoti zote zinaonekana kama sifuri moja.

Mwisho wa juma watoto waandike sentensi moja nyuma ya daftari: "Wiki hii nilikwama kwenye…" Inachukua dakika tatu. Sentensi 80 utazisoma ukisubiri bodaboda. Wengi wataandika "sijakwama" kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu wanadhani ni mtego. Wiki ya tatu watakuamini.

Na wazazi? Usiwaitie mkutano kuwaeleza nadharia. Mzazi akija, mwambie kitu kimoja ulichomwona mtoto wake akikifanya, halafu umsikilize. Bibi wa hadithi za fisi alinifundisha zaidi ya semina ile. Baba mmoja alikuja kwa hasira kuuliza kwa nini tunafundisha ngoma badala ya hesabu. Nilimkalisha dirishani akasikiliza 4 na 6. Hakuniambia kitu. Wiki iliyofuata alituletea madumu mawili.

Yule kijana "wa ngoma" alibaki darasani kwangu mwaka wote. Siku ya jaribio la mwisho wa muhula nilipita karibu na dawati lake nikasikia vidole vinagonga mbao chini kwa chini, midundo miwili tofauti, mkono wa kushoto na wa kulia. Nilikuwa nimezoea kuwaambia waache kugonga madawati. Nikapita. Swali la KDS alipata. La kugawanya, lililofuata, alikosa, na bado tunapanga mbuzi kwenye mazizi.